Bi Samahani, Aliyewasemea Binti Zake

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Marehemu ndugu yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Samahani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, mtoto wa pili wa fundi cherehani, na wanasema hata kulia alilia kwa adabu, akinyamaza kila mkunga alipotaka kusema.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaacha darasa la sita mama yake alipougua, na Agosti 1970 akaajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, dirisha la kuuzia, ambako hakuna mteja aliyefika na hasira zake akaondoka nazo, maana kabla hujafoka alishakuambia, "Samahani mpenzi, nimekuweka, na mgonjwa wako anaendeleaje?", nawe ukajikuta unamweleza, yeye akiitikia "ehe," "lo, pole," mpaka mkate umefungwa hujui umefungwa saa ngapi.

Hapo kiwandani alikutana na mumewe, dereva wa gari la mikate, mlangoni, kila mmoja kabeba kreti, huyu anasema "tangulia," yule "hapana dada, tangulia wewe," "sithubutu, kaka," hata mwokaji akapiga kelele kutoka ndani, "Basi oaneni muingie pamoja, mikate inapoa!", wakaoana tarehe 8 Juni 1974, wakajaliwa binti wawili.

Mumewe alifariki tarehe 3 Novemba 2016, na siku ya mazishi binti mkubwa, kwa uchungu, alimwambia mdogo wake mbele za watu, "Wewe umekuja kuzika, kuuguza hukuja," na tangu hapo hawakusemeshana, ingawa baada ya msiba mdogo alirudi nyumbani wakaishi nyumba moja, mkubwa chumba cha mbele, mdogo chumba cha uani, na kila neno likapita kwa mama. Mkubwa akisema, "Mwambie huyo mtu wako aondoe masufuria yake jikoni," marehemu alikwenda uani akasema, "Dada yako anakusalimu, anauliza kama masufuria umeshamaliza kuyatumia," na mdogo akijibu, "Ana mikono, ayaondoe mwenyewe," ujumbe ulirudi hivi, "Mdogo wako anasema samahani, anakuja," kisha masufuria akayaondoa yeye mwenyewe. Marehemu akikaa na dada yake wa kuzaliwa alikuwa akilia, "Nikifa mimi, hawa nani atawasemea?"

Tarehe 2 Februari 2023 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi ukafungwa kabisa. Aliporudishwa kutoka hospitali, binti zake walisimama pande mbili za kitanda kumbadilishia shuka, mkubwa akasema kama alivyozoea, "Mama, mwambie ashike miguu," kisha akakumbuka, mkono ukabaki hewani, marehemu akimtazama huyu, akimtazama yule, midomo ikitetemeka pasipo neno, mpaka mdogo akasema kwa sauti ndogo, "Nimesikia, dada. Nishike wapi?"

"Chini ya magoti. Polepole, mguu huo unamuuma."

Machozi yakamtoka marehemu yakateremkia masikioni, nao wakayafuta, kila mmoja upande wake. Toka siku hiyo waliongea, kwanza mambo ya dawa na uji tu, na mkubwa akitoa amri kavu, marehemu alipiga godoro kwa mkono wake mzima mpaka "tafadhali" itoke, wakacheka wote watatu, yeye kwa macho.

Asubuhi ya tarehe 19 Mei 2023, binti hao walikuwa jikoni wakichemsha maji ya kumwogesha, wakaanza kumzungumzia baba yao, wakaombana radhi, wakasemezana mpaka maji yakakauka sufuriani, na walipokwenda kumwomba radhi kwa kumchelewesha, walikuta ametutoka. Wamejilaumu sana kwamba hawakuwa kando yake. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na pale kitandani kila neno la jikoni husikika, wanangu, hamkumwacha peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao kila walipoeleza hali yake walimwelekea yeye, ingawa hakuweza kujibu, majirani mliokuja kumpa habari za mtaa mkaongea naye kana kwamba anaitikia, na wafanyakazi wa kile kiwanda cha mikate, waliosimamisha kazi kuja kumsindikiza.

Pumzika kwa amani, Bi Samahani. Wanao wanasemezana.