Gololi Mbili za Fundi Baiskeli

Benchi letu liko kati ya kinyozi na bucha, na jioni ile kahawa ilikuwa bado ya moto. Fundi Baiskeli alikuja hana raha. Kesho yake mkewe, anayesomea ualimu, alikuwa anafundisha mbele ya wakaguzi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alishikwa na kigugumizi, wakamwangusha. Akianguka tena, ualimu basi. Mchana alimwomba mumewe amsaidie na somo la fizikia, naye akalibeba swali mpaka kwetu.

— Vitu viwili vinavutana, alisema Fundi. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu ya kuvutana inakuwaje?

— Nusu, alijibu Bucha. Hesabu ya darasa la nne hiyo.

— Wewe hujawahi kupenda, Kinyozi akamkata. Mtu akienda mbali ndiyo anakuvuta zaidi. Inaongezeka.

— Haya ni mawe, sio wachumba.

— Umeyauliza?

— Kama ni hivyo, ng'ombe mnene angemvuta mwembamba, nisingehitaji kamba.

Fundi akachoka nao. Akatoa gololi mbili mfukoni, akaziweka kwenye benchi, moja huku, moja kule. Moja ikabingirika polepole, ikaenda kugonga ya pili.

— Si umeona? alisema Kinyozi. Zinatafutana.

— Shemeji zangu, hamjambo?

Mke wa Fundi alikuwa amesimama nyuma yetu, vitabu kwapani.

— Kama zinavutana, mbona ya pili haikusogea?

Bucha akanywa kahawa kwenye kikombe kitupu.

— Benchi lenu limeinama, alisema shemeji. Hiyo ya pili imenasa kwenye ufa.

— Na lile swali? Fundi aliuliza kwa unyonge.

— Robo. Nalijua tangu wiki jana. Nilikuomba ukae nikufundishe, mume wangu, ujifanye mwanafunzi. Wewe ukaondoka na swali kana kwamba limepata pancha.

Fundi aliona aibu. Na sisi pia, kusema kweli. Kinyozi akaenda kuzima redio yake, Bucha akavua aproni, tukajipanga kwenye benchi sote wanne.

— Haya, mwalimu, alisema Fundi. Tufundishe.

Mkewe akaweka vitabu chini, akasimama mbele yetu.

— Vi... vi...

Midomo ya Fundi ilianza kufunguka, akaifunga. Hakuna aliyemmalizia shemeji neno. Tulingoja tu, macho kwake, mpaka likatoka.

— Vitu viwili, alisema, vyovyote huvutana.