Visahani Kumi na Viwili vya Mama Ngoja

Tarehe thelathini mwezi huu, siku ya Ijumaa, fundi wa maabara wa Kitengo cha Mbegu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Jina lake rasmi limo kwenye jalada, lakini ukiliita ukumbini huenda asigeuke mtu yeyote, naye mwenyewe akiwemo. Hapa kituoni anaitwa Mama Ngoja, kwa sababu karibu kila jibu lake huanza na maneno yale yale: ngoja tuone.

Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi niandike, kwa kuwa nimekuwa msimamizi wake kwa miaka ishirini na miwili na inadhaniwa namfahamu. Niseme mapema kwamba kuna sehemu moja ya kazi yake ambayo siielewi hadi leo, na sehemu hiyo ndiyo imetusumbua wiki nzima. Kwenye kizingiti cha dirisha la chumba namba tatu anaacha visahani kumi na viwili vya mbegu. Fomu ya makabidhiano inataka kila kifaa kiandikiwe kusudi lake, na kisicho na kusudi kitupwe. Nilipoanza kuandika ukurasa huu, mstari wa visahani katika fomu hiyo ulikuwa mtupu, na kabati jipya la kuoteshea lilikuwa limeshafika, likisubiri nafasi ya dirisha hilo hilo.

Tuanze na yanayoeleweka. Wenzetu wa ofisi nyingine huenda hawajui tunachofanya kule nyuma. Muuza mbegu analeta sampuli. Tunahesabu mbegu mia nne, tunazipanga juu ya karatasi yenye unyevu, tunazifungia kwenye kabati lenye joto, kisha tunahesabu zilizoota. Kwa bilinganya na pilipili, hesabu ya mwisho ni siku ya kumi na nne. Cheti kinaandikwa, na mbegu ambazo hazijaonyesha dalili ya uhai zinaandikwa zimekufa na kutupwa.

Mama Ngoja aliajiriwa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka wake wa pili alimuuliza msimamizi wa wakati huo kwa nini iwe siku ya kumi na nne na si ya kumi na tano. Akajibiwa kwamba ndivyo kanuni inavyosema. Akauliza, “Na mbegu zenyewe zimeambiwa?” Inasemekana yule mzee alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamrudisha kwenye karai lake. Mwaka uliofuata alimpeleka masomoni.

Alirudi na cheti cha ufundi, na tangu hapo amepima sampuli nyingi kuliko fundi mwingine yeyote aliyepita hapa. Hakuna cheti chake hata kimoja kilichorudishwa kwa kosa la hesabu. Hakuchelewesha. Nalisema hili kwa makusudi, maana wapo waliodhani lile dirisha lilikuwa kisingizio cha uvivu. Dirisha alilishughulikia kabla ya saa mbili asubuhi na wakati wa chai, kikombe mkono mmoja, penseli mkono wa pili.

Alichofanya ni hiki. Baada ya siku ya kumi na nne, alichukua baadhi ya mbegu zilizoandikwa zimekufa, akaziweka, juu ya kipande cha karatasi ile ile, kwenye vifuniko vya makopo ya rangi ya ukutani, akaviita visahani, akavipanga dirishani na kuvinyunyizia maji. Kisha akawa anaangalia. Hakuwa na swali. Nilimwuliza zaidi ya mara moja anatafuta nini, na kila mara alinitazama kama mtu aliyeulizwa anakwenda wapi ilhali amekaa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa, lakini wahenga walimfikiria mtu anayejua kilichoko mvunguni. Huyu aliinama miaka thelathini bila kujua kama kuna kitu, na wala hakuonekana kuumwa mgongo. Mimi nilisomeshwa kwamba utafiti huanza na swali, swali likazaa dhana, dhana ikapimwa. Bado naamini hivyo, na wanafunzi wote wa mafunzo kazini nimewafundisha hivyo. Yeye, wakitoka kwangu, aliwapa kisahani kimoja kila mtu na kuwakataza kutumia neno “kwa sababu” kwa juma zima. Waseme tu walichoona. Mmoja alikuja kwangu analalamika kwamba anapotezewa muda. Siku ya tano nilimkuta amepiga magoti mbele ya dirisha, shavu karibu ligusane na kifuniko, na nilipomwita hakunisikia.

Sasa, kilionekana nini? Hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Mbegu nyingi hazikuota, kama ilivyotarajiwa. Chache ziliota siku ya thelathini, moja siku ya sitini na moja, tena mzizi ukielekea juu. Kwa miaka mitatu, visahani vya upande wa kushoto viliota zaidi kuliko vya kulia. Nikasema ni jua. Akavibadilisha nafasi, na bado vya kushoto vikaongoza. Nikasema ni maji, akapima maji. Mwaka wa nne tofauti ikatoweka yenyewe, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Yamo yote kwenye madaftari yake kumi na saba, na sijui hata leo lilikuwa jambo gani, au kama lilikuwa jambo.

Lakini mara moja dirisha lilitupa kitu kikubwa. Aligundua kwamba mbegu zilizotoka kwenye karatasi za shehena fulani zilikuwa zikitoa mizizi iliyofupika na kupinda, hata zilipokuwa mbegu nzuri. Tukapima karatasi zenyewe, kumbe zilikuwa na kitu kilichozidhuru. Tulikuwa tukikataa mbegu nzima za watu kwa kosa la karatasi yetu. Tukarudia vipimo, tukabadilisha utaratibu, na tukaomba radhi kwa barua.

Uongozi ukafurahi, ukataka dirisha liwe mradi wenye malengo: msimu mzima aangalie karatasi na aandike ripoti. Mimi nilishabikia wazo hilo. Alilifanya kwa utii, na msimu ulipoisha ripoti ilikuwa nusu ukurasa. Aliniambia, “Bosi, nikitumwa karatasi naona karatasi tu.” Mradi ukafungwa, akarudia kuangalia kwake kusiko na jina. Nimelitafakari hilo miaka mingi. Ukitumwa ufunguo uliopotea, utapita juu ya kila kitu kisichofanana na ufunguo. Hilo naliona. Nisichokiona ni jinsi ya kumwagiza mtu asitumwe.

Hata nje ya maabara alikuwa hivyo. Dereva wa kituo anayewarudisha wafanyakazi anasema kila Jumatano Mama Ngoja, ambaye hushuka wa mwisho, humwomba apite njia ambayo hawajawahi kupita. Dereva naye hamwachi bila kumtania. “Mama, leo tunapotea kwa mpango au bila mpango?” Naye hujibu, “Tukijua, hatujapotea.” Siku moja walimkuta hivyo mchomeleaji aliyetutengenezea rafu tunazozitumia hadi sasa, kwa ubora ambao hatukuupata kwingine. Jumatano nyingine zote, kwa ushahidi wa dereva, walikuta uzio, mtaro au mbwa, na mume wa Mama Ngoja akala chakula peke yake. Mume huyo aliniambia kwamba mwanzoni alinuna, baadaye akawa anauliza leo mmeona nini, na siku jibu lilipokuwa “hakuna” alijikuta akiuliza hakuna ya namna gani.

Nina jambo la kukiri ambalo wengi wanalijua tayari. Mwaka tuliopaka rangi maabara, nilikuja Jumamosi kusaidia usafi, nikaviosha visahani vyote. Niliamini natenda wema. Jumatatu alilitazama dirisha kwa muda, kisha akaniuliza jambo moja tu: kile cha pembeni kilikuwa kimeota? Sikujua. Nilikuwa nimekishika mkononi, nimekimwaga, nimekisugua, na sikujua. Hakunilaumu. Aliandika kwenye daftari “vimeoshwa” na tarehe, akaanza upya. Angenigombeza ningekuwa nimeshasahau.

Ndiyo sababu, fomu ya makabidhiano ilipofika mezani kwangu, nilijitwika kuviokoa visahani. Mkuu wa kituo, ambaye ni mtu wa utaratibu na ameutengeneza kweli utaratibu wetu, aliniambia kwa upole, “Mzee, sina ugomvi na dirisha. Nipe sentensi moja tu. Mkaguzi akija nimwambie nini?” Nikaandika: uchunguzi wa mbegu zinazochelewa kuota. Nikampelekea Mama Ngoja asaini. Akaifuta kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikaandika: ukaguzi wa ubora wa karatasi. Akaifuta. Nikaandika: mafunzo kwa wanafunzi. Hiyo aliifikiria kidogo zaidi, halafu nayo akaifuta.

Nilikasirika, nakubali. Nilimwambia sentensi yoyote kati ya hizo ingetosha, na kwamba kwa ukaidi huu visahani vitakwenda jalalani Ijumaa. Akasema, “Ukiandika hivyo, atakayekuja ataangalia hicho tu. Bora vitupwe, watu wajue vimetupwa.” Nilirudi ofisini sijui nimemkasirikia yeye au fomu. Mtu anatunza kitu miaka thelathini, kisha hataki kukiombea hata kwa uongo mdogo wa ofisini, ule ambao sote tumeshauandika.

Alhamisi mkuu alituita wote wawili chumba namba tatu. Mafundi walikuwa wameshalisogeza kabati jipya hadi hatua mbili kutoka dirishani. Mkuu alivitazama visahani kimoja kimoja, kwa haki kabisa, na mwishowe akasema haoni kitu. Mama Ngoja akasema asubuhi hiyo yeye pia hakuona. Nikafumba macho.

“Sasa Mama, mwenyewe unataka nini?” mkuu akauliza.

“Hivi ni vifuniko vya makopo, mwanangu. Nataka mtu wa kuangalia. Kama hayupo, visiwekwe kama picha ya marehemu.”

“Nani?”

Mafundi walijishughulisha na nyaya. Mimi nimebakiwa na miaka miwili, macho yangu si mazuri, na sijawahi kuangalia kitu bila kujua ninachokitafuta. Nikasikia mkono wangu umepanda.

Mkuu akacheka. “Mzee, si wewe uliyeviosha?”

Nikasema ni mimi. Akachukua fomu, akapiga kistari kwenye nafasi ya kusudi, akaandika jina langu kwenye nafasi ya mhusika, akasaini. Kisha akaandika pembeni kwa herufi ndogo: mpaka lini? Kabati likawekwa dirishani, visahani vikahamia ofisini kwangu, ambako jua huingia jioni na si asubuhi. Kama hilo litavifaa au litavidhuru, hakuna anayejua.

Leo Ijumaa asubuhi nimeangalia kwa mara ya kwanza. Nilivipitia vyote kumi na viwili kwa dakika kumi na nikaandika mara kumi na mbili: hakuna kitu. Mama Ngoja alipita kurudisha koti la maabara, akalisoma daftari, akauliza, “Hakuna kitu, au hujaona kitu?” Akatoka. Nikachukua lenzi nikarudia, safari hii kwa muda wa saa nzima, na chai yangu ikapoa. Kwenye kisahani cha nne, kuizunguka mbegu moja ya bilinganya, kuna nyuzi nyembamba mno kwenye karatasi, zote zimelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Huenda ni ukungu. Huenda ni mizizi. Huenda ni pamba ya taulo langu.

Nilimkimbilia hadi dirisha la mlinzi, alikokuwa akikabidhi funguo, nikamwomba arudi. Alirudi. Aliinama muda mrefu, akaigeuza lenzi, akainama tena, kisha akasema hajawahi kuona kitu hicho na hajui ni nini. Alionekana mwenye furaha kuliko siku zote za wiki hii. Akanirudishia penseli, akaenda zake.

Nimeandika nilichoona, na kesho nitaangalia tena.

Mama Ngoja, kwa niaba ya Kitengo cha Mbegu na kituo kizima, asante kwa vyeti vyote vilivyotoka kwa wakati, kwa barua ile ya kuomba radhi, na kwa yale ya dirishani, ambayo hatujui tuyashukuruje. Tunakuombea afya, macho makali, mume mvumilivu na Jumatano nyingi.