Mlango Uliohama Wakati wa Kula

Mshonaji aliyekaa kwenye basi nyuma ya fundi mwashi na binti mmoja hakukusudia kusikiliza, ila sauti ya fundi huyo ilikuwa imezoea kushindana na mashine ya zege.

“Binti yangu, asubuhi kishikwambi cha saiti kinaniambia mlango wa jiko uko kushoto. Nikasimamisha fremu. Natoka kula, mlango umehamia kulia! Karatasi haijawahi kunifanyia hivyo.”

Binti, jirani yake wa kiti tu, akacheka. “Mzee wangu, kishikwambi hakihamishi mlango. Kuna mtu ofisini kabadilisha ramani, ukaiona hapo hapo. Karatasi ingekufikia ukuta umeshapigwa lipu.”

“Basi huyo mtu apewe nyundo siku moja tu!”

Mshonaji akaguna. Naye alikuwa na wateja wanaobadili mtindo wa mikono gauni likishakatwa.

Binti akamgeukia fundi. “Ni ile nyumba ya kona, ya mama mwenye mapacha?”

“Hiyo hiyo. Umeijuaje?”

“Alitaka awaone wanawe wakicheza huku anapika,” binti akasema taratibu. “Nikamhamishia mlango kwenye ramani.”

Basi likasimama. Fundi akashuka, kisha akarudi kugonga dirisha.

“Kesho njoo saiti. Nyundo ninazo mbili.”