Mstari Tulioutoa Mapema

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa kamati ya mbio, madaktari na wauguzi wa wodi ya watoto, ndugu watafiti wa saratani, wazazi, na nyinyi wenzangu wa kujitolea mliojibanza viti vya nyuma karibu na vinywaji, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni fundi mahema. Katika mbio hizi za kuchangia utafiti wa saratani ya watoto nimejitolea miaka sita, na kazi yangu ni kujenga mstari wa kumalizia, kisha kuubomoa. Wenzangu huniita Kimbunga, kwa kuwa nikipita hakibaki kitu. Leo nimeitwa nipokee cheti kwa kuirudisha barabara kwa magari ndani ya dakika ishirini, na cheti chenyewe kinapendeza, hata fremu ina kioo. Lakini kabla hamjapiga makofi, niruhusuni niseme dakika hizo zilikuwaje.

Tuna utaratibu wetu. Nyuma ya mkimbiaji wa mwisho hufuata mwenzetu wa baiskeli, mwenye fulana nyekundu. Akivuka mstari, maana yake nyuma hakuna mtu, nami nafungua kamba. Mwaka huu alivuka, nikamuuliza, "Wameisha?"

"Wameisha, Kimbunga. Fanya vitu vyako."

Nikafanya. Kufumba na kufumbua geti liko chini, medali ziko kwenye boksi, magari yanapita. Nilikuwa nafunga turubai la lori huku nikijisifu kwa sauti.

Ndipo akatokea binti wa miaka tisa hivi, kichwani hana unywele hata mmoja, namba kifuani, pamba puani. Baba yake alikuwa hatua mbili nyuma, mikono tayari kumdaka. Kumbe alitokwa damu puani njiani, wakamwingiza hema la huduma ya kwanza, na baiskeli ikapita nje ya hema. Ndugu zangu, nani kati yetu aliwahi kufikiria kuchungulia ndani?

"Mjomba," akaniambia, "mstari uko wapi?"

"Tumeshautoa, mwanangu."

Akaangalia magari, akaangalia lori. Hakulia. Afadhali angelia! Akamgeukia baba yake: "Basi twende, baba. Nitamaliza mwaka ujao."

 Baba alinitazama mimi, na macho yale yaliniambia kwamba huo mwaka ujao hakuna daktari aliyemwahidi. Niliduwaa. Nilipozinduka walikuwa wameshaondoka. Hata sasa akili haijanirudi sawasawa. Tulijaa barabara nzima kwa ajili ya watoto, na mtoto mwenyewe ndiye tuliyemsahau njiani?

Mwenzetu wa baiskeli msimlaumu. Tangu siku hiyo hali wala halali. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Nilikwenda wodini kumwomba binti yule radhi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Kwani mlikuwa mmechoka?" 

Kwa hiyo, Mwenyekiti, cheti naomba mkirudishe kabatini. Nawe Mheshimiwa, nakuomba mbele ya watu hawa: Jumamosi saa tatu asubuhi, tufungie barabara ile kwa saa moja. Daktari wake, yule pale, ameshatoa ruhusa. Naona unaitikia kwa kichwa, na ukumbi mzima umekuona.

Wenzangu, wa maji akae kwenye maji, wa kushangilia akashangilie. Mkimbiaji ni mmoja, zimembakia hatua mia tatu kutoka lile hema la huduma ya kwanza, na atazitembea kwa muda autakao. Mimi nitakuwa mstarini, na kamba siifungui mpaka yeye mwenyewe aniambie amefika.

Asanteni sana kwa kunisikiliza, na Jumamosi msichelewe.