La Tatu la Ndege

Benchi liko Merrylands, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, mkabala na nyumba za ghorofa tatu, na mbele yake yamepangwa mapipa ya taka kumi na mawili. Kumi na moja yana tofali juu ya kifuniko. La kumi na mbili mwenyewe amesahau. Ilikuwa wiki ya pili tangu kufungiwa kulegezwe, na wazee watatu walikuwa wamerudi kijiweni, barakoa zikiwa kidevuni. Mushagalusa, Mkongo wa Bukavu, aliendesha foklifti ghalani kule Minto, wakamwita Kontena. Rufus wa Tanga alikuwa mlinzi wa zamu, wakamwita Waziri, maana hakuna jambo ambalo hakujua lilivyoamuliwa huko juu. Mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi alikuwa Kamande, Mkenya aliyesomea udongo chuo kikuu. Huyu hakuwahi kusema "mbali" bila kutaja mita, basi jina lake likawa Kipimo. Mkewe, Achola, alifariki mwezi wa tano.

Kasuku mweupe mwenye kishungi cha manjano alitua juu ya lile pipa lisilo na tofali.

— Mutazame ule mwizi! alisema Kontena. Anashika kifuniko na mdomo, anatembea pembeni-pembeni, paf! Imefunguka. Nani alimufundisha?

— Kaunsili ya mji, alijibu Waziri. Ndege akifungua, taka zinamwagika. Zikimwagika, mfagiaji anapata kazi. Ajira hiyo, bwana. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba imeingiaje hapo? aliuliza Kontena.

— Imeingia kwa mlango wa nyuma. Wewe kunywa kahawa.

— Mais non. Ni njaa. Ile ndege ilizoea chipsi za watu kwenye meza za nje. Mikahawa ikafunga, chipsi hakuna. Ikaita mkutano. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na rafu tupu.

— Kama wewe ulivyofunzwa, alisema Waziri. Si ndiwe uliyempora bibi wa watu mfuko wa mwisho wa mchele?

— Sikumupora! Tulishika wote wawili. Yeye aliachilia mbele.

Kipimo alicheka hadi kahawa ikamwagika kidogo kwenye suruali.

— Mmoja alibuni, alisema akijipangusa. Wengine wakatazama, wakaiga. Mita mia nne kutoka hapa, baada ya mzunguko wa magari, kasuku wapo na mapipa hayana tofali hata moja. Hawajui bado. Nimehesabu.

— Umehesabu? Waziri akageuka. Watu tulipewa saa moja ya mazoezi, wewe ukaitumia kuhesabia kasuku?

— Nilikuwa napita tu.

Hakuwaambia alikuwa akipita kutafuta nini. Kila Jumamosi asubuhi Achola alikuwa akitoka na mfuko mtupu, na kurudi nao umejaa managu, yale majani machungu ambayo hata masoko ya Fairfield hayakuwa nayo. Alirudi na tope jeusi viatuni, na vijiti vyeusi vya gugu la kishona nguo vimeng'ang'ania sketi. "Twende nikuonyeshe," alimwambia mara nyingi, naye akajibu kwamba anamalizia kahawa. Sasa alibaki na hesabu. Achola alichukua dakika hamsini. Toa ishirini za kuchuma. Zinabaki kumi na tano za kwenda na kumi na tano za kurudi. Kwa mwendo wake, kilomita moja na mita mia mbili. Kipimo alichora duara kwenye ramani, akatembea juu ya mstari wake wote, kando ya reli, kando ya kijito, nyuma ya shule. Hakuona jani.

— Sikilizeni niwape siri, Waziri akashusha sauti. Ni kampuni. Kasuku anafungua pipa. Kwarara, yule wanayemwita kuku wa pipa, anachimba. Kunguru analinda lango.

— Na meneja?

— Mwari, yule ndege mla samaki. Hujaona mdomo wake? Ule ni mkoba wa ofisi.

— Alors, kampuni imekuwa na tamaa! Kontena alipiga goti. Mama Achola alituambia juu ya majani yake: matawi mawili yangu, la tatu la ndege. Leo la tatu haliwatoshi, wanachukua na pipa!

Walicheka. Kisha Kontena akajishika mdomo.

— Kaka, unisamehe.

— Endelea, alisema Kipimo. Umenukuu sawasawa.

Mwanamke mmoja alikuwa akija kutoka upande wa reli, mfuko wa plastiki mkononi.

— Habari zenu, baba. Naomba nipumzike kidogo. Mimi naitwa Chibalonza, nakaa ng'ambo ya reli.

Wakasogea kumpa nafasi. Aliketi, akaanza kubandua vijiti vyeusi kwenye kitenge chake, kimoja kimoja. Kipimo alitazama vile vijiti, kisha mfuko.

— Mama, hayo ni managu.

— Ni mnavu, alisahihisha Waziri.

— Mimi sijui hata jina. Kwetu tunakulaga majani ya sombe na lengalenga. Hii nilifundishwa hapa hapa.

— Na nani? aliuliza Kipimo.

— Mama moja Mkenya. Alinikuta nakata shina na kisu. Alinigombeza! Akasema, tumia vidole. Matawi mawili yako, la tatu la ndege. Basi tukawa tunakutana kila samedi, Jumamosi yenu. Tunachuma kidogo, tunasema mingi.

Tunasema mingi. Dakika hizo za mazungumzo Kipimo hakuzitoa. Duara lake lilikuwa kubwa mno. Miezi yote mitano alikuwa akilizunguka shamba la mkewe kwa nje.

— Yeye ananiita Mama, Chibalonza aliendelea, na mimi namuita Mama. Jina hatukuulizana. Mbele ya lokdauni akapotea. Mimi nachuma, naacha ya ndege, naacha na tawi moja ya yeye. Munamujua? Amehamia wapi?

Kontena alivuta barakoa ikamfunika mdomo. Waziri, aliyejua kila kitu, alichungulia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Kifuniko cha pipa kilianguka kwa kishindo na hakuna aliyegeuka.

Kipimo aliitikisa chupa. Kilibaki kikombe kimoja. Akakimimina chote, akampa.

— Kunywa kwanza, Mama. Halafu unipeleke. Nitakuambia njiani.

— Haya, baba. Si mbali. Ni pale tu.

Kipimo akauchukua ule mfuko, wala hakuuliza ni mita ngapi.