Mkono wa Kushoto wa Toussaint

Sogeeni karibu, wanangu, mkae, maana sauti hii ikiisha sina nyingine ya akiba. Perrette binti yangu, jiwe la kusagia rangi ni lako, umelisugua tangu una meno ya utotoni. Nawe Gilles, mkwe wangu, chukua brashi zangu zote, ila hiyo uliyoificha mgongoni iweke chini, nimeshanusa mafuta yake. Najua unataka kuusahihisha mkono wa rafiki yangu Toussaint kabla picha niliyomchora haijatoka humu, ili watu wasinicheke nikiwa kaburini.

Usiuguse.

Paris nzima inasema Mathurin Lescot alimchora mchoraji mwenzake kashika brashi kwa kushoto, kama mtu aliyenakili kioo. Hata Toussaint mwenyewe, kila Jumapili akija kunimalizia mvinyo, husimama mbele ya picha na kuniuliza, "We mzee, bado hujajua mkono wa kulia ni upi?" Nami humwambia, "Kunywa unyamaze, domo wewe!" Mwaka wa kumi na tisa huu.

Sasa sikilizeni. Majira ya baridi kabla sijamchora, niliingia kwake bila kubisha, nikamkuta anachora kwa kushoto, na ule wa kulia unatetemeka pajani kama kifaranga aliyelowa. Nikarudi nyuma polepole. Chama chetu cha wachoraji kingejua, nani angempa tena kazi ya kanisa? Alipokuja nimchore, alishika brashi kwa kulia, kiwiko kakibana kwenye goti, jasho linamtoka. Nilishindwa, wanangu. Nilimpenda mno, sikuweza kumchora uongo. Siku ya kuionyesha picha alipauka, kisha akaangua kicheko mbele ya wenzetu: "Jamani, Mathurin kanichora kinyume, kama kiooni!" Nikainamisha kichwa, nikasema kweli, nimekosea. Wakanicheka mimi, na hakuna aliyemtazama yeye mkono.

Hatujawahi kulizungumza, yeye na mimi. Nipe maji, Perrette... basi, yanatosha.

Toussaint hachori tena, siri haiwezi kumdhuru. Mpelekeeni picha yake nyinyi wenyewe, kwa miguu, msimtume mtu. Mungu awatulizie mikono, wanangu, na ikianza kutetemeka siku moja, awape mwenzenu wa kuchekwa badala yenu. Gilles, nifunike miguu... Toussaint akiuliza kama niliacha neno... mwambieni... sikukosea.