Mama Santuri na Kanda za Mumewe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kila tulipouliza, "Unasikiliza nini wiki hii?", aliyetangulia kupiga simu alikuwa Mama Santuri. Leo hatapiga. Mama Santuri hatunaye tena. Tulimzika Jumanne.

Kabla ya kustaafu alikuwa mpokea simu hospitalini. Alikuwa mtu asiyetulia. Binti yake anasema hata chakula alikula amesimama. Anaweka santuri, anafuta vumbi, anainua sindano kabla wimbo haujaisha, anaweka nyingine.

"Mama, kaa basi!"

"Nitakaa nikizeeka." Na hapo ana wajukuu.

Mumewe, dereva wa malori mstaafu, alipenda kanda. Mnawakumbuka wakigombania simu hapa hapa hewani? Mama alisema kanda zina sauti ya mtu mwenye mafua. Mzee akajibu, "Muziki wangu nasafiri nao. Wako unataka meza, nafasi na heshima!"

Sasa sikilizeni. Mwaka jana bomba kubwa la mtaani lilipasuka. Maji yakaingia sebuleni. Mzee alikuwa kitandani, nyonga imevunjika, hawezi kuinuka. Akapiga kelele, "Mke wangu, santuri zako!" Santuri zilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa. Mama alizipita. Nasema tena, alizipita. Alifungua kabati la mumewe, akabeba maboksi ya kanda, akayarundika kitandani, juu ya miguu ya mzee. Akarudi. Akabeba mengine. Alipozigeukia santuri zake, majalada yalikuwa yameshakuwa uji.

"Santuri ukiiosha inaimba," alimwambia binti yake. "Kanda ikilowa, ndiyo basi tena."

Si zote zilizopona. Zilizopona zilikuwa zimebanduka karatasi, hajui ipi ni ipi. Basi akaanza kuosha moja moja, kukausha, kupiga, kukisia. Daktari alimwonya: moyo umechoka, pumzika. Wapi! Alinipigia simu anahema: "Mtangazaji, kuna moja nimeipiga mara tatu. Naijua, lakini jina limenitoka. Nitalipata tu."

Jumapili asubuhi binti yake alimkuta chini, kando ya karai la kuoshea santuri. Maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka.

Nilikwenda kuhani. Mzee hakuwa akikaa. Anajikongoja na mkongojo wake, sebuleni, chumbani, sebuleni tena. Anaweka kanda, anaitoa. Akanishika mkono. "Njoo usikie hii."

Zamani, wasikilizaji, tulirekodi kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio, mlango ukiwa wazi. Ndivyo alivyorekodi mzee. Wimbo ukapigwa kidogo, kisha sauti ya mwanamke kijana: "Punguza, mtoto amelala!" Wimbo ukashuka. Halafu, taratibu, sauti ile ile ikaanza kuufuatisha wimbo. Maneno anakosea. Anaendelea tu.

"Huu wimbo," mzee akasema, "alinihakikishia miaka yote kwamba haupendi." Akarudisha kanda nyuma. Hakuniangalia.

Mzee wetu, poleni sana, wewe na binti yako na wajukuu. Msiba huu ni wetu pia.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, yupo mtu nyumbani kwako anaimba vibaya jikoni sasa hivi. Usimkatize. Punguza hata redio hii, umsikie.